Mhariri, bilinganya ya Kimisri haina beshameli

Ndugu Mhariri,

Salamu sana na pole na kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, naanzaga na kurasa za mpira za nyuma afu ndo narudi mbele, na ule ukurasa wa mapishi wa Jumapili kusema kweli huwa nauruka, hauna kosa ila sio wangu. Wiki mbili zilizopita mke wangu ndo aliniita, "Baba watoto hebu njoo, chakula chako cha Misri kimetoka gazetini," maana hapa nyumbani hakuna asiyejua kuwa nilisoma Kairo, nishawachosha na hadithi zake. Nikavaa miwani nikasoma. Bilinganya ya Kimisri, ndo kichwa cha habari. Nyama ya kusaga nusu kilo, maziwa, siagi, unga wa ngano wa kukorogea sosi nyeupe, jibini la kukwangua juu, mafuta ya zeituni, oveni dakika 45, "pakua ikiwa ya moto".

Mhariri, hiyo ni Ugiriki. Ile sosi nyeupe inaitwa beshameli, ni ya Wafaransa, na anayetajwa kuipachika juu ya bilinganya ni mpishi mmoja Mgiriki, Nikolaos Tselementes, miaka ya 1920 huko, mtu aliyependa sana mapishi ya Kifaransa. Sina ugomvi na Wagiriki, wale chakula chao salama. Na kwa haki niseme Wamisri wenyewe beshameli wanaipenda tena sana, ila wanaimwagia kwenye makaroni na nyama wakaoka, chakula cha wageni hicho, na wapo wenye uwezo wao wanaotia nyama kwenye bilinganya pia wakaingiza kwenye oveni. Lakini nenda nyumba ya kawaida pale Shubra au Imbaba, mitaa ya watu wa kawaida, siku ya kawaida ambayo nyama haijanunuliwa, sema bilinganya, utaletewa kitu kingine kabisa, na kitakuwa kimepoa.

Tuliipika lakini, tusijeambiwa tunalaumu bila kuonja. Oveni tukaazima kwa jirani, jibini likanunuliwa na hela ya mboga ya siku tatu ikaishia hapo, mke wangu akakoroga ile sosi mpaka mkono ukamuuma. Ikatoka kama uji wa ngano uliolazwa juu ya bilinganya mbichi mbichi, maana pia mliandika zipangwe bila kukaangwa. Watoto wakachambua nyama wakaacha kilichobaki, na mi nikala kimya kwa sababu mwenyewe ndo nilikuwa nasifia Misri miaka yote hii, ningesema nini.

Sasa naomba nafasi nieleze ninachokijua. Nilikaa Kairo toka 2006 mpaka 2011, nasoma chuo cha Al-Azhar, tulipanga wanaume sita nyumba moja Hayy el-Sabea kule Madinat Nasr, Wazanzibari wawili, Mkomoro, Mganda, mwenzangu wa Lindi na mimi. Kupika kwa zamu. Ya kwangu ilikuwa Jumanne na nilikuwa sijui hata kukaanga yai, nyumbani kwetu mtoto wa kiume jikoni unafukuzwa. Jumanne ya kwanza nikanunua bilinganya kwa sababu ndo kilikuwa kitu rahisi kuliko vyote sokoni, Misri wanalima bilinganya nyingi ajabu, duniani ni China, India afu wao, nikazikata nikazichemsha na maji na chumvi. Zikatoka rangi ya kijivu, zinateleza. Mganda akauliza hii ni nini, nikasema mboga, akasema haya, akaenda kununua taamiya, vile vibajia vyao vya maharage.

Aliyenisaidia ni mama mmoja wa ghorofa ya chini yetu, tukimwita Hagga, kule mama yeyote mtu mzima ni Hagga hata kama Makka hajafika. Ni wale akina mama wanaoshusha kapu kwa kamba toka roshani, mwenye mkokoteni wa mboga anajaza, anavuta juu. Sijui nani alimpelekea habari za ile bilinganya ya kuchemsha. Jumanne iliyofuata akapanda na kijiko chake cha mbao, na ndani hakuingia, nyumba ya wanaume watupu, alisimama mlangoni pale na jiko linaonekana toka mlangoni, akawa anaelekeza kwa kijiko kama askari wa barabarani. Nikikosea anapiga fremu ya mlango.

Chakula chenyewe wanakiita mesa'a'a. Kwa maandishi ni musaqqa'a, ila watu wa Kairo ile herufi qaf wanaimeza, ndo maana hata qahwa kwao ni ahwa. Na hilo neno lina maana ya kitu kilichopozwa, Mhariri. Jina la chakula chenyewe linasema kimepoa, maelezo yenu yanasema pakua ikiwa ya moto!

Inavyopikwa ni hivi. Kilo moja ya bilinganya, ndefu au za duara haijalishi, usimenye yote, toa maganda mistari mistari kama punda milia ili kipande kisisambaratike. Kata duara unene wa kidole. Nyunyiza chumvi, weka kwenye chujio nusu saa, zitatoa jasho, suuza chapchap, kamua kwa viganja, kausha na kitambaa kisafi. Hapa ndo wengi wanaparuka na hapa ndo penyewe. Bilinganya ndani ni kama sponji, imejaa hewa, ukiitumbukiza mbichi kwenye mafuta ya vuguvugu inakunywa yote afu inakuangalia kama inataka mengine, unaongeza, inakunywa, mwisho unakula mafuta. Chumvi inatoa maji na kuibonyeza zile hewa ziishe, na mafuta yakiwa mengi na ya moto kweli kweli inashika rangi kabla haijalewa. Zigeuze mara moja tu. Zikishakuwa kahawia toa, ziache zijichuje, zitatema mafuta zenyewe. Hagga alikuwa anatandika mkate wa jana chini ya sahani badala ya karatasi, bilinganya zinachuruzikia pale, afu ule mkate uliolowa anakula yeye mwenyewe kabla hajamwita mtu.

Kwenye mafuta hayo hayo kaanga hoho mbili na pilipili ndefu za kijani nzima nzima mpaka ngozi ivimbe, zitoboe kwanza zisikurukie usoni.

Afu rojo. Thomu punje sita saba, twanga kwenye kinu pamoja na chumvi na kijiko cha giligilani kavu. Punguza mafuta yabaki vijiko viwili vitatu, tia thomu, na usiondoke hapo, simu weka mbali. Ikianza tu kunukia, haijabadilika rangi bado, mwagia siki vijiko viwili. Italia shaaa, moshi mkali, utakohoa, jirani atakohoa. Hiyo ndo mesa'a'a yenyewe, dakika hiyo moja. Kwenye maelezo yenu siki hakuna kabisa, na thomu mmeandika "ukipenda". Ukipenda! Baada ya hapo nyanya sita saba zilizoiva ulizozikwaruza au kuzisaga, bizari nyembamba kijiko cha chai, pilipili manga, na sukari kidogo sana kama nyanya ni kali. Acha ichemke mpaka mafuta yaelee juu. Panga bilinganya na hoho kwenye sufuria, mwaga rojo juu, moto mdogo dakika kumi na tano, usikoroge, tikisa sufuria tu. Afu zima. Afu uiache. Mi mwanzoni nilikuwa sielewi hii, njaa inauma chakula kipo unaambiwa subiri, Hagga anasema iache ipumzike, na kweli ya jioni ni nzuri kuliko ya mchana na ya kesho yake ni nzuri kuliko zote, siki inakuwa imeingia ndani na ule ukali umeisha.

Hakuna nyama, hakuna jibini, oveni ya nini. Sufuria moja na kikaango kimoja, hata seredani inatosha.

Inaliwa na mkate, ule wao wa duara wenye pumba unaoitwa eish baladi. Waarabu wengi mkate ni khubz, Mmisri mkate anauita eish, neno lile lile tulilochukua sisi tukapata kuishi na maisha. Ukikaa kule unaelewa kwa nini. Enzi zetu ule wa ruzuku ulikuwa piasta 5, piasta ni senti zao, na hizo piasta 5 wao wanaziita shilin, nilicheka sana siku ya kwanza kusikia. Mwaka 2008 foleni za mkate zilikuwa kitu kingine, watu wanaamka alfajiri, kuna siku nilipanga mstari toka baada ya swala ya asubuhi nikatoka na mikate ishirini nikajiona tajiri. Bei ile ilikaa miaka na miaka, mpaka Juni 2024 ndo wakaipeleka piasta 20. Unachana kipande, unakikunja kama faneli, wanaita sikio la paka, unachota nacho. Kijiko hakihusiki. Hapa Tanga mi natumia mkate wa ajemi nikiupata, au chapati kavu, ile ya mafuta inakuwa mafuta juu ya mafuta. Na kwa ugali inakwenda vizuri tu, Hagga asinisikie.

Niwatahadharishe pia, msibadilishe bilinganya na nyanya chungu. Mi nilijaribu mwaka niliorudi, soko la Mgandini bilinganya zilikuwa hazipo nikasema hizi si ndugu moja, nikakaanga, nikatia siki. Ule uchungu na siki vilikutana vikagombana, paka pia alikataa. Na sisi huku pwani bilinganya tunaijua sana lakini tumeipa kazi ya kusindikiza, inatupiwa kwenye mchuzi wa papa au wa nazi iongeze wingi, mtu anapakua samaki kwanza. Kule inakaa sahani yake peke yake. Ziko nyembamba ndefu wanaziita arusi, bibi harusi, hizo zinajazwa mchele au zinatiwa achari: unachemsha nzima kidogo, unapasua tumbo, unajaza thomu na pilipili na bizari, unaziloweka kwenye siki na ndimu, wenye mikokoteni ya ful, yale maharage yao ya asubuhi, wanakuwekea mbili tatu pembeni asubuhi asubuhi. Iko ya kuchoma moja kwa moja kwenye moto mpaka ganda liungue, unaponda na tahini, yani ufuta uliosagwa, ndo baba ghanoug, hiyo watu wa hoteli wanaijua sina haja ya kusema. Lakini hata heshima yote hiyo bado wana utani nayo. Kijana wa Kairo akisikia maneno ya ovyo atakwambia "ayyi bitingan", yani bilinganya yoyote ile, upuuzi. Nilivyomaliza kusoma ukurasa wenu ndo neno lililonitoka, mnisamehe.

Sasa la mayai. Pembeni ya ukurasa huo huo mkaweka kisanduku, "Shakshuka ya Kimisri", picha ya mayai viini vinatiririka juu ya nyanya. Kupika hivyo ni kuzuri ila ni mambo ya Tunisia na jirani zake. Nyumba za Kairo nilizokula mimi mayai yanavurugwa humo humo kwenye kitunguu na nyanya mpaka yakaze, rojo inakauka, inaliwa na mkate. Kiini kinachotiririka Hagga angekirudisha jikoni. Na mayai ya Kimisri yenye jina pale nyumbani kwetu haikuwa shakshuka, ilikuwa egga.

Nilijifunza egga kwenye kafyu. Ijumaa tarehe 28 Januari 2011, mtu aliyekuwepo hawezi kuisahau, maandamano makubwa ya kumpinga Rais Mubarak, intaneti imekatwa, simu za mkononi kimya, jioni wakatangaza kafyu na polisi wakapotea barabarani. Ndani tulikuwa na kartuna ya mayai thelathini, kitunguu, unga kidogo na bakuli la bilinganya za kukaanga za jana yake ambazo hazijatiwa rojo. Maduka yamefungwa, nyumbani Tanga wanapiga simu hatupatikani, mama yangu alikuja kuniambia alilia siku ile yote. Hagga akapanda, safari hii aliingia mpaka jikoni bila kuuliza, akatazama tulichonacho akasema haya, egga.

Mayai sita au saba kwenye bakuli, kitunguu kilichokatwa kidogo kidogo na kukamuliwa na chumvi, majani mengi ya bakdunisi, huku mi natumia kotmiri, kijiko kikubwa cha unga wa ngano, baking pauda ya kubana kwa vidole viwili, bizari nyembamba, pilipili manga. Pigapiga. Bilinganya ukate vipande ukorogee humo. Samli kwenye kikaango ishike moto, mwaga, funika, punguza moto kabisa mpaka ifure kama keki, igeuze kwa msaada wa sahani, upande wa pili dakika chache. Unakata pembetatu. Ule unga na pauda ndo unaifanya isimame, bila hivyo ni yai la kukaanga tu. Mmoja wa wale Wazanzibari akasema hii si chipsi mayai jamani, ila chipsi zimeenda likizo. Sio mbali na ukweli, na mtu anayeuza chipsi mayai hapa barabara ya ishirini angeiweza bila kufundishwa.

Usiku vijana wa mtaa na wazee na bawabu wetu walikuwa chini wamesimama na marungu na vyuma wanalinda majengo, walijipanga wenyewe kamati za mtaa, wanakagua kila gari. Na sisi wageni tukashuka kwa zamu. Tukawapelekea egga kwenye sinia. Bawabu akala vipande viwili, akatafuna taratibu, akasema bizari haikutosha. Nchi inaungua yeye anasema bizari haikutosha! Kuanzia siku hiyo naweka kijiko kizima.

Tulivyokula mayai wiki ile hata sikumbuki yote. Mengine tulichemsha yakawa magumu, tukamenya, tukakaanga kwenye samli mpaka nje yafanye ngozi ya dhahabu, unachovya kwenye dukka, yani giligilani, bizari, ufuta na chumvi vilivyokaushwa kikaangoni vikatwangwa nusu nusu. Hii jaribuni na watoto, wangu sasa hivi yai la kuchemsha tupu hawalitaki tena. Pia mayai wanayapaka rangi siku ya Sham en-Nessim, Jumatatu inayofuata Pasaka ya Wakopti, yani Wakristo wa Misri, Mkristo na Muislamu wote wanatoka kwenda kukaa kwenye nyasi na vitunguu vibichi na samaki mmoja wa kuchacha anaitwa fesikh. Fesikh sitaki kumwelezea, harufu yake naisikia mpaka leo.

Mhariri, najua barua imekuwa ndefu na najua mtaikata. Mkikata acheni pale pa thomu na siki. Na kama mna nafasi ya mistari miwili chini ya ukurasa wa mapishi, wekeni sahihisho kuwa ile ya wiki mbili zilizopita ilikuwa ya Kigiriki, kuna watu wamepoteza jibini lao. Mke wangu kasema aliyeandika akifika Tanga apitie kwetu, ila asije mchana, mesa'a'a tunaipika asubuhi na kuila usiku.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga